Apu yako ya muziki ikitelekezwa: okoa biti zako kabla hujabadilisha simu

Dada mmoja niliyemtengenezea biti alinipigia jioni moja, kaka ile kolasi inanishinda, ishushe kidogo basi maana kule juu sauti haifiki. Nikamwambia nipe dakika kumi. Na kweli kushusha key ni kazi ya dakika kumi ukiwa na mradi wenyewe mkononi, ila mi mwezi ule nilikuwa nimebadilisha simu, naingia Play Store naitafuta ile apu niliyotengenezea biti naambiwa haioani na kifaa chako. Simu ya zamani nshaiuza Kariakoo na nshaifuta kila kitu kabla ya kuiuza, mwenyewe nikijiona mjanja. Kilichobaki ni MP3 moja niliyowahi kujitumia WhatsApp. Nikaishusha ile MP3 hivo hivo kwa nguvu, kiki (ile ngoma nzito ya chini) ikawa ka mtu anapiga debe lenye maji, tukaishia kutengeneza biti upya yote na ile bezi ya kwanza sijaipata mpaka leo.

Developa nikamwandikia email, ikarudi. Tovuti yake haifunguki. Apdeti ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, kumbe dalili zote zilikuwepo na mi nilikuwa nakoment tu nyota tano.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nayafanya mwenyewe saivi, na kama unatengeneza muziki kwenye simu, iwe singeli, gospo, bongofleva au drili, anza nayo leo usiku.

Kwanza elewa kwa nini zinakufa, itakusaidia kuchagua. Apu nyingi nzuri za muziki kwenye simu zimetengenezwa na mtu mmoja au wawili, umelipa mara moja hela ya chipsi kuku halafu unategemea akuapdetie miaka kumi. Huku Apple na Google kila mwaka wanatoa mfumo mpya na kila mfumo unavunja kitu. Septemba 2017 ilivyotoka iOS 11, apu zote za 32-bit (muundo wa zamani, mpya ni 64-bit) ambazo wenyewe hawakuzibadilisha ziligoma kufunguka, siku moja tu, watu wamelala wana sinthi kumi (apu za kuunda sauti za vyombo) wameamka wana nne. Upande wa Android, Agosti 2021 Play Store ikaacha kuzigawa apu za 32-bit kwenye simu za 64-bit, halafu 2022 Pixel 7, simu ya Google, ikaja haizibebi kabisa. Kulikuwa na njia ya kuunganisha apu moja na nyingine kwenye iPhone, Inter-App Audio, imeletwa 2013, kufika 2019 Apple wakatangaza inaelekea kuondoka na kila aliyeijenga apu yake juu ya hiyo njia akaambiwa ahamie Audio Unit, njia yao nyingine. Mtu mmoja anayefanya hii kazi usiku baada ya ajira yake ataandika upya mara ngapi?

Na hata kampuni zinakufa. Camel Audio walikuwa na Alchemy, sinthi kali sana na toleo la simu lilikuwepo, 2015 wakafunga, Apple wakawanunua, Alchemy ikaibukia ndani ya Logic, programu ya muziki ya Apple kwenye Mac. We uliyekuwa na ile apu yao ya simu ukabaki na kumbukumbu. Allihoopa, ule mtandao wa kushea vipande vya muziki uliotokana na jamaa wa Propellerhead, kampuni ya programu za muziki, ulifungwa mwanzoni mwa 2019.

Kuacha sina neno nao, mtu ana familia. Kinachonichoma ni yule anayeendelea kuuza huku anajua hataigusa tena, au anatoa toleo la 2 kwa bei mpya huku la 1 bado analiuza hapo hapo pembeni kama vile hamna kitu.

Haya, sasa kazi.

Kabla hujanunua apu yoyote ya kutengenezea biti, ifanyie jaribio la fulaiti modi. Kama kuna toleo la bure au la siku saba chukua hilo. Tengeneza kitu cha baa nne tu, kiki, bezi, kinanda. Isevu. Weka simu fulaiti modi, ifunge apu kabisa uifute mpaka kwenye zile za nyuma, ifungue tena. Mradi unafunguka? Unaweza kuekspoti WAV (faili la sauti lisilobanwa ka MP3) bila intaneti? Ikikudai mtandao ndo ikufungulie kazi yako mwenyewe basi jua siku seva yao ikizimwa na wewe umezimwa. Mi sizikatai apu za kulipia kila mwezi, wakati mwingine ndo zinazodumu maana developa anakula kila mwezi na ana sababu ya kuamka, ila ikishindwa hilo jaribio siwekei kazi ya mteja humo hata iwe tamu vipi.

Halafu angalia tarehe ya apdeti ya mwisho na usiangalie tarehe peke yake, soma walichoandika. Apdeti mbili mwaka mzima zilizoandikwa zimerekebisha kitu kinachoeleweka, kwa mfano kukatika kwa sauti kwenye toleo jipya la Android, ni afadhali kuliko kumi za "maboresho madogo". Soma na maoni ya nyota moja ya miezi mitatu ya karibuni, hasa ya watu wanaosema imeharibika baada ya kuapdeti simu, uone kama kuna aliyejibiwa. Bei kushuka ghafla wengi wanasema ni dalili ya kifo, mi naona hapana, sikukuu kila mtu anashusha.

Sasa hii ndo kubwa kuliko zote na ndo watu wanaikwepa kwa uvivu: biti ikiisha tu, usiku ule ule, ekspoti stemu. Sio kesho. Kila traki peke yake, WAV, zote zianzie sifuri hata kama gitaa linaingia dakika ya pili, acha kimya kiwepo mwanzoni, maana ukizikata kila moja inapoanzia ukija kuzipanga kwenye apu nyingine utalia. Usitumie MP3 kwa hili, MP3 inaongeza kakimya kadogo mwanzoni mwa faili na lupu zako zitayumba. Zima efekti za masta hasa limita (ile inayozuia sauti isizidi kiwango), kwa sababu kila stemu ikipita kwenye limita peke yake ukizijumlisha hazirudi kuwa ile mikisi uliyoipenda. Apu ikikosa kitufe cha kutoa stemu zote kwa pamoja, ndo hivo tena, solo moja moja, yaani zima traki zingine zote ubakize moja, chai pembeni.

Majina yaandike ka mtu anayemwachia mrithi. Mi naandika hivi: 03_bezi_104bpm_Am.wav. Namba, chombo, spidi, key. Ukiandika bezi_mpya_final2 mwaka kesho hujui 2 ya nini. Ndani ya folda naweka na MIDI kama apu inaitoa, MIDI ipo tangu 1983 na karibu kila programu ya muziki inaisoma mpaka leo, ikumbuke tu kwamba inabeba noti bila saundi. Na skrinishoti za sinthi, kila ukurasa wenye vinobu. Skrinishoti ni za bure, piga nyingi.

Nafasi? Stemu ya WAV ya 24-bit stereo kwenye 44.1 kHz inakula kama MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 12 ni kama MB 760. Yaani memori kadi ya GB 64 inabeba nyimbo zaidi ya themanini. Bei ya kadi na bei ya kumwambia mteja biti yako imepotea ni vitu viwili tofauti. Weka nakala mbili, moja kwenye kadi au fleshi na nyingine nje ya nyumba, kwa rafiki au kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku bando likiwa rahisi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, usiitume kama odio.

Ukimaliza zijaribu. Fungua apu nyingine kabisa, ziingize zote, bonyeza plei. Kama zinaenda pamoja sawa sawa, hapo ndo uende kulala.

Kuna ile sinthi ambayo ndo sauti yako, watu wakisikia tu wanajua huyu ni fulani. Hiyo isampo, yaani rekodi noti zake moja moja, kabla haijafa. Mi nilifanya hivi kwa bezi yangu ya pili baada ya kupoteza ya kwanza: zima riveb na dilei, chora MIDI yenye noti nne kila oktava, C, D#, F#, A, oktava tano, noti ishirini jumla. Kila noti ishikilie sekunde nne na uache sekunde tatu za kimya mkia uishe. Ni dakika mbili na sekunde ishirini tu. Ekspoti WAV, zikate, kila moja ipe jina la noti yake, zipakie kwenye sampla yoyote na uiambie noti hii ibebe na jirani zake wawili. Haitakuwa sinthi yenyewe kwa sababu nobu ya filta huwezi kuizungusha tena vile vile, ila mteja hajui na mi mwenyewe kuna siku nasahau. Kama una uvumilivu rudia noti zote ukiwa umezipiga kwa nguvu na ukiwa umezipiga taratibu.

Mipangilio ya simu nayo ina mitego. Kwenye iPhone kuna kitufe kinachoiruhusu simu iziondoe yenyewe apu usizozitumia ili kupunguza mzigo, inabakisha data zako ila apu yenyewe inaitegemea App Store kurudi. Kama developa ameshaitoa, inaweza isirudi, na data zako zimekaa humo ka mtu kafungiwa ndani. Zima. Play Store nayo ina kitu cha namna hiyo hiyo cha kuweka apu kwenye kumbukumbu yenyewe, zima pia. Na kuifuta apu ni kufuta na miradi yake kwa kawaida, kwa hiyo ile tabia ya "ngoja niifute niiweke upya itakaa sawa" iache kabisa kwenye apu iliyotelekezwa.

Apdeti kubwa ya mfumo wa simu, usiwe wa kwanza. Zima apdeti za usiku za kujiendesha, subiri wiki kadhaa, soma wenzako wanasemaje, na kama una mradi wa mteja haujaisha usiguse kitu.

Je ikishakufa tayari na hukuekspoti? Kama inafunguka ila kitufe cha kuekspoti kinagoma, rekodi. Android 10 kwenda juu na iPhone kuanzia iOS 11 zinaweza kurekodi skrini na sauti ya ndani, ingawa kwenye Android kuna apu zinakataa kurekodiwa, hapo tumia waya kutoka tundu la hedifoni kwenda saundikadi au simu nyingine. Solo traki moja moja. Siri iko hapa: kabla ya kila traki weka "tiki" moja kali baa moja kabla biti haijaanza, kila rekodi itakuwa na hiyo tiki, ukija kuzipanga unalinganisha tiki na tiki. Ubora utapungua kidogo, sawa, bora hivo.

Kumwandikia developa pia usiache, ila andika ka mtu mzima. Ukiandika "wezi nyie rudisheni hela" unajibiwa na nani? Omba kitu kimoja chepesi: atoe apdeti moja ya mwisho yenye kitufe cha kuekspoti vyote, au aseme wazi kwamba ndo mwisho, au aiachie jamii. Hili la mwisho sio ndoto. Sinthi ya Surge ya kwenye kompyuta ilikuwa ya kuuzwa, 2018 mwenyewe akaifungua kodi yake (yale maandishi ya programu, source code) ikawa ya bure, watu wa kujitolea wakaichukua na leo inaitwa Surge XT, inaapdetiwa na ni kali kuliko ilivyokuwa inauzwa. Aliyefanya vile namheshimu kuliko waliozima simu.

Na simu ya zamani, usiuze. Hela utakayopewa ni ndogo sana. Itoe laini, iweke fulaiti modi, zima apdeti zote, chaji mpaka nusu hivi na uizime, kila baada ya miezi miwili mitatu iwashe uirudishe kwenye nusu ili betri isivimbe. Ya kwangu, iliyofuata baada ya ile niliyouza Kariakoo, ipo kwenye boksi la viatu juu ya kabati, kioo kimepasuka kona, inachukua dakika karibu tatu kuwaka, na ile sinthi ya bezi yangu ya pili bado inafunguka.