Kabla ya kuomba kipengele kipya GnuCash, andika ukurasa wake wa maelekezo

Naweka hesabu za chama chetu kwa GnuCash, programu huria ya uhasibu iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti mwaka 1998. Waweka hazina wenzangu hulilia jambo moja kila tukikutana: taarifa ya M-Pesa iingie kwenye leja bila kuandikwa upya kwa mkono. Nitapanga ombi hilo hapa, tangu wazo hadi nyaraka zake.

Hatua ya 1: Anza na mistari halisi

Fungua taarifa ya mwezi mmoja, utafute malipo yoyote yaliyokatwa ada. Utakuta mistari miwili yenye namba ileile ya risiti: mmoja wa fedha zilizotumwa, mwingine wa ada. Hapo ndipo hesabu huchafuka. Mwaka wangu wa kwanza niliingiza zilizotumwa tu. Mkutano wa Desemba ulipofika, daftari lilionyesha salio kubwa kuliko lililokuwa kwenye simu, na nilikuwa mbele ya akina mama waliochanga shilingi zao kila wiki. Sitaki mweka hazina mwingine apitie hayo.

Hatua ya 2: Fanya ingizo kwa mkono

Tuseme mmelipa kodi ya ukumbi shilingi 10,000 na ada ni 100. Muamala ni mmoja, mistari mitatu (debiti ni zinakoenda fedha, krediti ni zinakotoka):

- Kodi ya ukumbi: debiti 10,000
- Ada za miamala: debiti 100
- M-Pesa: krediti 10,100

Ukiandika krediti ya 10,100 na kodi peke yake, ile 100 iliyobaki GnuCash huitupa kwenye akaunti inayoitwa Imbalance-KES. Ukiona akaunti hiyo ina kitu, simama utafute kilichopotea. Mistari hii mitatu ndiyo kipimo chako: kipengele kikikamilika, lazima kitoe matokeo hayohayo.

Hatua ya 3: Andika ukurasa wa maelekezo kana kwamba kipengele kipo tayari

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Mwandikie mtu anayejua kuweka akiba lakini hajasomea uhasibu: “Chagua faili. Chagua akaunti ya M-Pesa. Chagua akaunti ya ada.” Utafika sentensi usiyoweza kuimaliza. Mimi nilikwama kwenye muamala uliorudishwa: je, ufutwe, au uingizwe muamala wa kuubatilisha? Nilichagua wa kubatilisha, kwa sababu daftari la chama halipaswi kufutwa kitu kimyakimya. Uamuzi wa namna hiyo ufanywe kwenye karatasi, kabla mtu hajaandika msimbo wa programu.

Hatua ya 4: Hakikisha hakipo

GnuCash tayari inapokea faili za CSV (jedwali la maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa koma), na kuna chaguo la muamala wenye migawanyo mingi, yaani mistari mingi kama ile mitatu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ombi imeshajibiwa. Kilichobaki ni kuunganisha mistari yenye risiti moja. Kazi ya kugeuza taarifa iliyokuja kama PDF yenye nywila iwe CSV, mimi ningeiacha nje kabisa ya ombi. Hiyo ni kazi ya programu ndogo ya pembeni, maana kampuni ikibadilisha mpangilio wa taarifa yake, leja ya watu wote isiharibike.

Hatua ya 5: Ugawe ukurasa

Nyaraka za GnuCash zina vitabu viwili: kimoja hufundisha dhana kwa mifano, kingine hueleza madirisha na vitufe. “Kwa nini ada ni gharama” iende cha kwanza. “Bonyeza wapi” iende cha pili. Usirudie maelezo yaleyale kote kuwili, kwa sababu siku moja mtu atasahihisha upande mmoja tu. Vyote vimeandikwa kwa XML ya DocBook, mfumo wa alama za kuandikia nyaraka, na faili zake huhifadhiwa mahali palipotengwa na pale pa msimbo.

Hatua ya 6: Peleka

Fungua ombi kwenye Bugzilla ya mradi, tovuti ya kupokea maombi na ripoti za hitilafu, ulitie alama ya uboreshaji wala si hitilafu. Ambatisha ukurasa wako, ile mistari mitatu, na sampuli ya CSV ya mistari mitano au sita. Futa kwanza majina na namba za simu za wanachama. Kilichowekwa hapo kinasomwa na dunia nzima. Maelezo ya CSV kama ilivyo leo usiyacheleweshe: yatume sasa hivi kwenye tawi (nakala ya kazi) la nyaraka za toleo linalotumika, mweka hazina mwenzako ayapate hata kabla ombi halijajibiwa.