Boksi la stelingi la kamunye kwenye gari la kujiundia

Mnaojiundia gari, mkipata pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, boksi la stelingi la kamunye (basi dogo la abiria) ya zamani (lile lenye mkono unaosukuma linki, yaani fimbo ya kwenda kwenye tairi, si reki, ile fimbo ya meno), msikimbilie kulichomelea kwenye chesisi.

Zungusha shafti ya boksi, ile inayoungana na usukani, toka mwisho hadi mwisho ukihesabu. Ikitoa mizunguko minne, katikati ni miwili. Hapo ndipo meno hushikana barabara, na hapo tairi ziwe zimetazama mbele. Tia alama ya chaki.

Kisha libane kwa klampu tu, unganisha linki, ukate usukani kulia. Ukiwa umelipindua boksi lipate nafasi, au umehamishia tairodi (fimbo inayounganisha tairi za mbele) upande wa pili wa ekseli, tairi zitakata kushoto. Mimi yalinikuta, bahati gari lilikuwa bado juu ya matofali.

Chesisi ya bomba la mraba usiikaze kwa boliti tupu, itabonyea na boliti zitalegea. Toboa pande zote mbili, pitisha kipande cha bomba nene, kichomelee huku na huku, boliti ipite ndani yake. Kwa fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, hiyo ni kazi ndogo.

Mkono wa boksi usikatwe wala usichomelewe, hata fundi akiapa. Ni chuma kilichofuliwa, moto hukiharibu. Tafuta mwingine wenye meno yale yale ya kushika shafti ya boksi.

Dereva wa kamunye hukaa juu ya ekseli, shafti yake karibu isimame wima. Wewe utakaa chini, nyuma kabisa, kwa hiyo utahitaji jointi za krosi mbili (viungo vinavyoiwezesha shafti kupinda). Zikifika tatu, ongeza beringi ya kushikilia shafti, la sivyo itayumba.