Somo: Seva ya tovuti kwa Node.js na Express, bando unalihitaji mara moja tu

Ukilifungua faili la HTML kwa kulibofya mara mbili, anwani yake huanza na file://, na kivinjari huizuia fetch(), amri ya JavaScript ya kuchukua data, isisome mafaili mengine. Dawa ni seva ndogo, yaani programu inayokipa kivinjari kurasa, kwenye kompyuta yako. Tutaiandika kwa Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, na Express, maktaba yake ya kutengenezea seva. Intaneti ni ya kupakulia tu; baada ya hapo utaendelea na kazi hata bando likiisha, uwe Wete au Makunduchi.

Pakua Node.js toleo la LTS (linalotunzwa kwa muda mrefu) kutoka nodejs.org, usakinishe, kisha andika node -v kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Express 5 inataka namba 18 kwenda juu. Halafu andika amri hizi (npm, kipakuzi cha maktaba, huja pamoja na Node.js):

mkdir karafuu
cd karafuu
npm init -y
npm install express

Itatokea folda ya node_modules. Iache kama ilivyo. Ndani ya folda ya karafuu, andika faili seva.js:

const express = require('express');
const app = express();
app.use(express.static('public'));
app.get('/salamu', (req, res) => res.send('Karibu Pemba'));
app.listen(3000, (kosa) => console.log(kosa ? kosa.code : 'Seva tayari'));

Humohumo unda folda public, weka index.html humo, kisha washa:

node seva.js

Fungua http://localhost:3000. Terminali usiifunge, maana seva itazimika nayo. Kuzima ni Ctrl+C.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: ukibadilisha seva.js, lazima uzime na uwashe upya. Ukiwasha kwa node --watch seva.js, itajiwasha yenyewe. Ukibadilisha index.html, inatosha kuupakia upya ukurasa.

MASWALI

Maalim, naona "Cannot GET /". Tatizo nini?
Seva ni nzima, ila haikuliona index.html. Mara nyingi jina limekuwa index.html.txt, kwa sababu Windows huficha kiambishi cha mwisho. La sivyo, umewasha ukiwa nje ya folda ya karafuu; 'public' hutafutwa kuanzia pale ulipotolea amri.

Na EADDRINUSE?
Poti ya 3000, namba ya mlango ambao seva hupokelea maombi, imeshashikwa, aghlabu na seva uliyoisahau kwenye terminali nyingine. Izime, au andika 3001 badala ya 3000 kwenye seva.js.

Wanafunzi wangu wa skuli hapa Chake Chake wataufungua ukurasa wangu kwa simu?
Ndiyo, mkiwa Wi-Fi moja. Andika ipconfig kwenye terminali ya kompyuta yako ya Windows, chukua namba ya IPv4 (anwani ya kompyuta kwenye mtandao huo), wafungue mfano http://192.168.1.5:3000. Wasiandike localhost: kwenye simu, hiyo ni simu yenyewe. Windows ikikuomba ruhusa ya Node.js, iruhusu.

PowerShell inaikataa npm, inasema "running scripts is disabled".
Tumia Command Prompt, amri ni zilezile.