Somo: Kwenda Kilwa Kisiwani na kurudi siku hiyohiyo

Wakuu, wengi wanaoulizia Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, huanza na nauli. Anzeni na maji.

Hatua ya 1: Laleni Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 300. Anayetaka kwenda na kurudi Dar siku moja ataona dirisha la basi tu.

Hatua ya 2: Tazameni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku hizo vukeni mapema kabla hayajatoka, la sivyo mtashuka kwenye tope na viatu mkononi. Siku za maji mafu, yasipopwa wala kujaa sana, hakuna presha.

Hatua ya 3: Kateni kibali Masoko kabla ya kwenda pwani. Nauli ya boti elewaneni ya kwenda na kurudi, na iliyobaki mlipe mkisharudishwa.

Hatua ya 4: Mkishuka karibu na Gereza, yaani ngome ya kale, lipiteni. Nendeni kwanza mashariki, Husuni Kubwa, jua likiwa bado pole. Ni kasri la sultani la karne ya 14, lenye birika la pembe nane ukingoni mwa bahari. Kisha rudini Msikiti Mkuu, ulioanza karne ya 11 na kupanuliwa baadaye. Kaeni chini ya kuba, kuna kivuli.

Gereza liwe la mwisho mkisubiri boti. Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Lakini kuta za leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, kwa hiyo anayetafuta Ureno pale atapata Maskati. Zungukeni upande wa bahari muone mawimbi yalivyoula ukuta. Mmomonyoko huo ulichangia magofu haya, urithi wa dunia tangu 1981, kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014.

MASWALI

Mkuu, Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu, tunaweza kuunganisha?
Kwa boti ya injini, ndiyo, ila mtakimbia kote kuwili. Mimi ningeipa siku yake.

Nakuja na mama, miguu inamsumbua.
Dada, Husuni Kubwa mwache. Gereza na Msikiti Mkuu haviko mbali. Mwambie nahodha mapema, na mvuke maji yakiwa yamejaa ili bi mkubwa asitembezwe majini.

Chakula na mavazi je?
Bebeni maji na vitafunio. Kuna kijiji cha watu, tena Waislamu: kanga au suruali ndefu, na Ramadhani msile hadharani.

Mwezi gani mzuri?
Epukeni masika, Machi hadi Mei. Juni na Julai hakuna mvua nyingi lakini upepo wa kusi unavuma. Asiyezoea bahari avuke asubuhi na akae katikati ya boti.