Kutoa kitabu chako Unguja: daftari kwanza, chapa baadaye

Nilipostaafu ualimu nilikuwa na mashairi 112 katika madaftari matatu ya skuli, na wazo moja bovu: kwamba kazi kubwa ni kumpata mpiga chapa. Mpiga chapa hupatikana. Anayetafutwa kwa tochi ni mnunuzi. Mimi nilichapa nakala 1,000 nikijiona msomi, na masika ya mwaka ule yaliyakuta maboksi tisa bado yamekaa sakafuni chumba cha uani. Ya chini yaliota ukungu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema angalau mchwa wetu sasa wanajua vina na mizani.

Basi wewe anza na daftari. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Toa watoto, toa wasiosoma ila simu, toa wasiopenda ushairi, wale wanaobaki nusu yao utakuwa unawajua kwa majina. Kwa hiyo waandike. Jina, simu, na pembeni weka alama: huyu atalipa, huyu atataka zawadi. Kuwa mkweli hapo. Binamu yako aliyekwambia "toa tu, tutakuunga mkono" ni wa zawadi. Mwalimu mwenzio wa zamani aliyewahi kukuazima kitabu na akakirejesha, huyo ni wa kulipa. Hesabu wa kulipa, ongeza nusu yao, hapo simama. Mara ya pili nilikuwa na majina 140, nikachapa 210.

Ukishajua idadi, rudi kwenye muswada. Usiusome peke yako, macho ya mwenye kazi hayaoni. Mpe mtu asiyekuogopa. Na unapopiga chapa kwenye kompyuta, izime ile tabia yake ya kusahihisha yenyewe, kwani haijui Kiswahili: kila nilipoandika "na" ilinigeuzia "an", na mbili kati ya hizo zimo kitabuni hadi leo.

Kama ni mashairi, hapa ndipo pa kukaa na kijana wa kupanga kurasa bega kwa bega, usimwachie. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili, ukwapi na utao, na kina cha kati lazima kionekane kimesimama juu ya mwenziwe kama nguzo za baraza. Ukurasa wa A5 ni mwembamba. Kijana wangu alitumia herufi kubwa "ili wazee wasome", mishororo ikakatika, neno la mwisho likaangukia mstari wa chini, na ubeti wa mistari minne ukawa minane. Shairi likageuka orodha ya sokoni. Tafuta mshororo wako mrefu kuliko yote, uweke kwenye ukurasa kwanza, na ukubwa wa herufi uupime kwa huo. Kwangu ilikuwa 10.5 na pambizo nikazipunguza. Wazee wana miwani.

Halafu hesabu ya kurasa. Mashine kubwa za ofseti huchapa karatasi moja pana inayokunjwa kuwa kurasa 16, kwa hiyo 96 ni karatasi sita kamili. Mimi nilikuwa na 99. Kurasa tatu zile zingenilipisha kama karatasi nzima, nikatoa shukrani ndefu na shairi moja la harusi ambalo kwa kweli halikuwa zuri. Kwa nakala chache kama zangu 210, uliza bei ya mashine ya dijitali pia. Ofseti hupendeza bei yake ukivuka mamia kadhaa.

Nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu inayokaa nyuma ya jalada, hutolewa Dar es Salaam, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe mapema, kabla jalada halijakamilika, ama utaishia kubandika karatasi kwa mkono. Hakimiliki huku kwetu husajiliwa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Usione haya kuchapa Dar. Hata Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa aliyepata Nobel mwaka 2021, riwaya yake Peponi ilitolewa kwa Kiswahili Dar mwaka 2022. Ila nenda mwenyewe kwa boti, na udai nakala moja iliyokwisha kubandikwa gundi kabla zote hazijachapwa. Ifungue katikati, ibane mpaka ilie. Kisha iache juani saa nzima. Ya kwanza niliiacha juu ya dashibodi ya daladala, kurasa zikatoka kama karata. Mwenye mashine alisema tatizo ni joto la Zanzibar. Nikamuuliza alidhani ninauza wapi.

Kuuza: duka litachukua vitabu kwa mali kauli, na litakata asilimia 30 au zaidi. Nakala iliyonigharimu 4,000 niliuza 8,000. Duka likitoa 2,400 yake, kwangu inabaki 1,600, kabla ya nauli ya kufuata pesa. Acha kumi tu, andikiana nao karatasi, na urudi kila mwisho wa mwezi hata kama hujatumiwa salamu. Zangu nyingi zimeuzika mkononi: mahafali ya skuli, barazani baada ya alasiri, na kwa wasafiri. Wenzetu walioko Maskati hununua tano tano, lakini mpe msafiri mbili mbili, mzigo mzito huachwa uwanjani.

Na jarida? Wengi huniuliza. Kitabu kisipouzika leo kitauzika Ramadhani. Jarida la Machi halina mtu mwezi Mei, na la Aprili linataka pesa. Jarida la Msimulizi lilitoka Kiungani, hapa hapa Unguja, tangu 1888, lakini nyuma yake palikuwa na misheni yenye mtambo wake. Tena gazeti lina usajili wake, nami nilionyeshwa sheria ya mwaka 1988, Namba 5. Ukitaka kuonja, toa la kurasa 16 za pini mara moja kwa mwaka, siku ile ile ya shughuli fulani, na uwe umeshalipwa matangazo kabla ya wino kukauka.

Maboksi yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kabla hujamlipa mpiga chapa pesa ya mwisho, mwambie akupe faili kamili la kurasa na la jalada, ulihifadhi mahali pawili. Mimi niliporudi baada ya miaka mitatu, kompyuta yake ilikwisha kuuzwa, na mashairi yote 111 nikayapiga chapa upya kwa kidole kimoja.