Kabla Hujanunua Amplifaya ya Gitaa ya Chaneli Nyingi kwa Ajili ya Jukwaa

Anza na neno lenyewe, kwa sababu “chaneli mbili” halina maana moja kwa kila mwuzaji; chaneli ni njia ya sauti ndani ya amplifaya, yenye mipangilio yake. Fender Twin Reverb ya mtindo wa miaka ya 1960 ina chaneli mbili, lakini kila moja ina matundu yake ya kuchomeka gitaa, na hakuna kitufe cha mguu kinachokuhamisha kutoka moja hadi nyingine. Marshall za zamani zenye matundu manne ni vivyo hivyo. Ni amplifaya nzuri mno, ila kama nyimbo zenu zinakutaka utoke kwenye sauti safi na kuingia kwenye solo ndani ya pigo moja, hazitakufaa bila pedali za kusaidia, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti. Uliza swali moja kavu: je, chaneli hubadilika kwa mguu?

Orodhesha nyimbo mnazopiga, kisha hesabu sauti unazozihitaji kweli. Wapigaji wengi hununua chaneli nne wakaishia kutumia mbili.

Usibabaishwe na wati. Wati 100 hazitoi sauti maradufu ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3 tu, ambazo katikati ya kelele ya dramu utazisikia kwa shida. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) ya wati 30 hadi 50 inatosha kwa kumbi nyingi za wastani, na pale isipotosha, maikrofoni mbele ya spika itamalizia kazi. Pima pia uzito kwa kuibeba wewe mwenyewe, si kwa kusoma karatasi.

Angalia kama kila chaneli ina volyumu yake na vitufe vyake vya besi, kati na trebo. Chaneli zinazogawana vitufe vya toni zitakusumbua, kwani marekebisho yanayoipendeza sauti safi mara nyingi huifanya distosheni, ile sauti iliyokwaruzwa makusudi, iwe na besi nzito isiyoeleweka. Na usiamue haya chumbani kwa sauti ya chini, kwa kuwa katika sauti ndogo sikio husikia besi na trebo kwa udhaifu, nasi hujikuta tukiziongeza na kupunguza sauti za kati. Ukifika jukwaani mpiga besi anaimeza besi yako, matoazi yanaimeza trebo yako, na watu wanabaki kuona vidole vyako vikitembea tu. Ijaribu pamoja na bendi, kwa sauti ya bendi.

Sasa nije kwenye pedali ya kubadilishia chaneli, kitu ambacho wanunuzi wengi hukitazama mwisho, nami sikukitazama kabisa. Nilinunua amplifaya iliyokwisha kutumika, ya chaneli tatu: safi, ya kati yenye distosheni kidogo, na ya solo. Nilipoijaribu kwa mwuzaji nilibonyeza vitufe vya mbele kwa kidole, chaneli zote tatu zikaitika, nikalipa. Pedali ya vitufe viwili ilikuwepo, ila waya wake ulikuwa umepotea, na mwuzaji akanihakikishia kwamba waya wowote wa gitaa ungefaa. Nilimwamini kwa sababu jeki iliingia bila shida.

Wimbo wa kwanza jukwaani ulikuwa wa sauti safi, ukaenda vizuri. Wa pili ulihitaji chaneli ya kati. Nikakanyaga kitufe cha kwanza, ikafunguka chaneli ya solo, kali kama msumeno, juu ya mwimbaji ambaye ndiyo kwanza anaanza ubeti. Nikakanyaga kitufe cha pili, hakuna kilichobadilika. Nikageuka kubonyeza vitufe vya mbele, navyo vikawa vimekufa, maana amplifaya nyingi huvizima jeki ya pedali inapochomekwa. Onyesho zima nililipiga kwa chaneli ya solo na ile safi, huku kidole kidogo kikipunguza volyumu ya gitaa kila nilipoitaka ile ya kati, na fundi mitambo akinitazama kama mtu aliyemkosea.

Sababu yake ilikuwa ndogo ya kutia hasira. Pedali ya aina ile hutumia jeki ya stirio, yenye mikanda miwili myeusi inayotenganisha sehemu tatu za chuma: ncha hubeba amri ya kitufe cha kwanza, pete ya katikati hubeba ya kitufe cha pili, na shina ni la wote. Jeki ya gitaa ina mkanda mmoja tu, kwa hiyo shina lake refu huiunganisha pete na shina moja kwa moja, na amplifaya yangu iliamini kwamba kitufe cha pili kilikuwa kimekanyagwa usiku kucha. Basi dai pedali pamoja na waya wake, hesabu mikanda, vichomeke mbele ya mwuzaji, na ukanyage kila kitufe mara kadhaa huku gitaa likilia, ukisikiliza kama kuna mlipuko au kimya kati ya chaneli. Ikiwa pedali inatumia plagi ya pini nyingi, tafuta waya wa akiba kabla ya onyesho la kwanza, kwani pini moja ikipinda, waya wa kuazima hautapatikana.

Kama unatumia pedali za mwangwi na distosheni ni ya amplifaya yenyewe, hakikisha kuna matundu ya kutoa na kurudisha sauti nyuma yake, la sivyo mwangwi utapita ndani ya distosheni na kuvurugika.

Mengine ni ya tahadhari. Soma volti zilizoandikwa nyuma, kwa sababu amplifaya ya volti 120 iliyochomekwa kwenye umeme wa 230 haikupi nafasi ya kujuta. Linganisha omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za amplifaya na za spika, tumia waya wa spika na si wa gitaa, na usiwashe kamwe amplifaya ya valvu isiyounganishwa na spika. Beba fyuzi za akiba zenye kiwango kilekile. Baada ya onyesho acha valvu zipoe kabla ya kupakia, na usimruhusu mtu ainyanyue kwa kushika waya.