Altezza na rimu zake: namba za kujua kabla hujatoa hela

Simu nyingi ninazopigiwa na wenye Altezza huanza hivi: "Fundi, nimepata rimu kali za kumi na nane, matundu matano. Zitakaa?" Siwezi kujibu. Kumi na nane ni kipenyo tu, na matundu matano yapo kwenye nusu ya magari yanayopita barabarani. Rimu inaweza kuwa na vyote viwili na isilifae gari lako hata kidogo. Nahitaji namba zaidi, na katika hizo kuna moja ambayo muuzaji haisemi na mnunuzi haulizi, nayo ndiyo inayokwangua fenda, kuchana tairi na kumaliza beringi kabla ya wakati. Inaitwa ofseti.

Hapa nazungumzia Altezza pekee, kwa sababu ndiyo sedani ya spoti iliyozeeka nasi mikononi na bado vijana wanaipenda. Toyota iliitoa mwaka 1998, ikaifunga mwaka 2005, na nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS 200 na IS 300, hivyo rimu za Lexus hizo zinaingia moja kwa moja. Mwenye Mark X GRX120 naye atafaidika na sehemu ya bolti na habu (kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa), maana ni zilezile. Asichukue hesabu zangu za ofseti, kwa sababu nafasi ndani ya fenda zake ni nyingine.

Anza na alichoweka kiwanda

Fungua boneti usome kibati. GXE10 ni AS200, ile ya silinda sita. SXE10 ni RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne. Kisha fungua mlango wa dereva utafute stika ya upepo wa tairi, kama mpiga rangi hajaifunika. Kutegemea toleo, utakuta 195/65R15, au 205/55R16 kwenye rimu ya upana wa inchi 6.5, au 215/45R17 kwenye rimu ya inchi 7. Rimu hizo za 16 na za 17 zina ofseti 50. Bolti ni tano kwenye duara la milimita 114.3, uzi wa M12 kwa 1.5, na tundu la katikati ni milimita 60.1.

Andika namba hizo kwenye simu yako. Kila kitu nitakachosema kuanzia hapa ni kulinganisha na hizo. Usilinganishe na gari la rafiki yako, wala na picha.

Angalizo moja kuhusu inchi 15: breki hazifanani kwa kila toleo. Rimu ya 15 iliyotoka kwenye AS200 usiinunue kwa ajili ya RS200 kabla hujaivalisha juu ya kalipa (chuma kinachobana diski ya breki) na kuizungusha kwa mkono.

Urefu wa tairi

Kwenye 215/45R17, 215 ni upana kwa milimita, na 45 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu. Kwa hiyo ubavu una milimita 96.75. Mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu na ubavu chini, unapata 193.5. Inchi 17 mara 25.4 ni 431.8. Jumla: 625.3.

Fanya hivyo kwa nyingine. 205/55R16 inatoa 631.9. 195/65R15 inatoa 634.5. Unaona kiwanda chenyewe kiliruhusu kama milimita tisa kati ya ndogo na kubwa. Mimi kwa Altezza ambayo haijashushwa nabaki kati ya 620 na 640, na sijapata sababu ya kutoka humo.

Wapo wanaotaka 215/50R17 ili gari linyanyuke kidogo kwa ajili ya matuta. Hiyo ina 646.8, yaani milimita 21 zaidi ya 215/45, na faida yake chini ya gari ni nusu tu ya hapo, kama milimita 11. Kwa milimita hizo 11 unakaribisha tairi la mbele liguse plastiki ya ndani ukikata usukani wote, na mita ya dashibodi itakudanganya kwa zaidi ya asilimia tatu. Ikisoma 50, uko 51 na ushee. Anayejua tochi za trafiki zinavyokaa kwenye vibao vya 50 ananielewa.

Ofseti, na hapa naomba utulie

Chukua rimu, ipasue kwa mawazo katikati ya upana wake. Ofseti ni umbali kati ya mstari huo wa katikati na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani zaidi, kuelekea shokapu na vyuma vya suspensheni. Namba ikipungua, rimu inatoka nje kuelekea fenda. Kwenye rimu utaikuta imegongwa nyuma ya spoku au karibu na matundu ya bolti: ET50, ET45, au pengine namba tupu pembeni ya upana, kama 17x7J 50.

Tatizo ni kwamba ofseti haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na upana. Rimu ya kiwanda ya 17x7 ina upana wa milimita 177.8, nusu yake 88.9. Toa 50: ukingo wa nje upo milimita 38.9 kutoka uso wa habu. Jumlisha 50: ukingo wa ndani upo 138.9. Hizo mbili, 38.9 nje na 138.9 ndani, ndizo nafasi ambazo gari limezizoea.

Sasa muuzaji amekuletea 18x8 ET35. Nusu ya upana ni 101.6. Nje ni 66.6, ndani ni 136.6. Maana yake ndani umepata nafuu ya milimita mbili, lakini nje rimu imesogea karibu milimita 28. Hiyo ni karibu sentimita tatu za rimu kuelekea kwenye ukingo wa fenda. Gari likiwa tupu limesimama, linapendeza. Pakia watu wanne, pita kwenye tuta, utasikia.

Chukua nyingine, 17x8 ET45. Nje inasogea milimita 17.7, ndani inasogea 7.7. Hapo lazima uingize vidole nyuma ya tairi la mbele uone umebaki na nafasi gani, kwa sababu suspensheni ya Altezza ina mkono wa juu na wa chini, na vyuma vyake viko jirani na tairi kuliko watu wanavyodhani.

Halafu 17x7.5 ET45. Nje milimita 11, ndani moja na kitu. Hii inakaa. Tairi linajaza fenda vizuri bila kutokeza, na sijakunja ukingo wa fenda ya mtu yeyote kwa ajili ya kipimo hiki.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kugusa fenda ni kelele tu na rangi kubanduka. Kibaya zaidi ni kwamba ukisogeza tairi nje unaongeza nguvu inayokandamiza beringi ya habu, na usukani unaanza kuvutwa na kila mfereji uliochimbwa na malori. Mtu anabadilisha rimu, kisha anakuja kulalamika gari linatangatanga, anafanya alaimenti mara kwa mara na hela inakwisha, wakati alaimenti haina kosa.

Kama rimu haina namba, ipime mwenyewe. Weka rula ndefu kwenye ukingo wa nyuma, pima kutoka rula hadi uso unaokaa kwenye habu. Kisha pima upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo, ugawe kwa mbili, utoe kwenye kipimo cha kwanza. Rimu ya inchi 7 itakupa upana wote wa kama milimita 203, kwa sababu kingo zenyewe zinaongeza karibu inchi moja. Nusu ni 101.5. Kama kipimo cha kwanza ni 151.5, ofseti ni 50. Dakika mbili na rula.

Matundu, tundu la katikati, nati

Duara la bolti tano huwezi kulipima moja kwa moja, maana hakuna tundu linaloelekeana na lingine. Pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani, uzidishe kwa 1.701. Ukipata 67.2, ni 114.3, hiyo ni yako. Ukipata 58.8 ni duara la 100, la Subaru nyingi za zamani na Caldina. Iache. Ya hatari ni 65.8: hilo ni duara la 112, la Mercedes-Benz na Audi. Tofauti ni milimita moja na nusu tu kati ya tundu na tundu, kwa hiyo fundi mwenye nguvu ataweza kuikaza, nati zitavuta bolti kwa pembeni, na siku moja bolti itakatika. Usikubali neno "itaingia tu".

Tundu la katikati likiwa dogo kuliko 60.1, rimu haikai. Impreza STI za kuanzia mwaka 2005 zina 114.3 kama wewe, lakini katikati ni 56.1. Ukiona mtu anataka kuchonga aloi kwa grainda ili zikae, ondoka na gari lako. Likiwa kubwa, kama 64.1 ya Honda au 73.1 ya rimu nyingi za duka, nunua pete za habu za kujaza hadi 60.1. Ni kitu kidogo sana, na bila hizo rimu haikai katikati kamili. Usukani utatetemeka kwenye mwendo hata baada ya balansi.

Nati ndiyo sehemu ninayoiogopa kuliko zote. Rimu za aloi za Toyota za gari hili zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za duka karibu zote zinataka nati ya koni. Ukiweka nati bapa kwenye tundu la koni, inashika kwenye mstari mwembamba, inalegea, tairi linatoka. Toa nati, itie kwa mkono kwenye tundu la rimu uangalie inavyokaa. Na uzi uingie angalau mizunguko minane kamili. Kama kuna spesa (pete nene ya kusogeza rimu nje) na hufikishi minane, spesa hiyo itoke.

Ningekufungia nini

Ukiniachia gari nichague, nafunga 17x7.5 ET45 na 225/45R17. Urefu wake ni 634.3, karibu sawasawa kabisa na ile 195/65R15 ya kiwanda, hivyo mwili wa gari unaujua tayari. Ubavu una milimita 101, tano zaidi ya 215/45, na kwa barabara zetu milimita tano hizo ni rimu isiyopinda. Uwezo wa kubeba huwa 91, yaani kilo 615 kwa tairi, dhidi ya 87 ya 215/45 ya kawaida, ambayo ni kilo 545.

Anayekaa ndani huko Goba au Mbezi, Dar es Salaam, kwenye vumbi na mawe kila siku, akubali 16. Ubavu wa 205/55R16 ni milimita 113. Gari halitapigwa picha sana, lakini halitakuwa kwa fundi wa kunyoosha rimu kila masika. Anayetaka 18 lazima, achukue 18x7.5 ET45 na 225/40R18. Inakaa, urefu ni 637. Ajue tu ubavu umebaki milimita 90 na shimo lililojaa maji halionekani.

Kuvuta tairi jembamba kwenye rimu pana mimi sifungi. 215/45R17 imeruhusiwa rimu ya inchi 7 hadi 8, basi.

Kama gari lina LSD (difu inayozuia tairi moja la nyuma kuzunguka peke yake), tairi mbili za nyuma ziwe za kipimo kimoja, aina moja na uchakavu unaokaribiana. Altezza Gita, ile ya wagoni, ikiwa ya 4WD, zote nne.

Rimu za mtumba na majaribio

Rimu iliyotumika usiinunue ikiwa na tairi lililojazwa upepo bila kuona upande wa ndani, maana kulehemu hufichwa huko. Tafuta alama za JWL na VIA, ambazo rimu halali za Japani huwa nazo. Iweke kwenye mashine ya balansi izunguke tupu uone kama inayumba. Kwenye tairi soma namba nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa limekakamaa na mipasuko ubavuni, hata kama kashata (vinundu vinavyokanyaga barabara) zimejaa, liache.

Ukishafunga, paka chaki kingo za nje za tairi zote na mabega ya ndani ya yale ya mbele. Pakia watu wazima wanne. Kata usukani wote kulia, kisha kushoto, ukienda mbele na kurudi nyuma. Pita tuta kwa mshazari. Shuka uangalie chaki imefutika wapi. Imefutika popote, kipimo hicho si chako, na ni bora ujue leo muuzaji akiwa bado anapokea simu.

Nati kaza kwa spana ya kipimo, Nm 103, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa chini. Usiache bunduki ya upepo imalizie. Endesha kama kilomita 80, kisha rudia kukaza tairi zikiwa zimepoa, na hapohapo pima upepo kwa kufuata stika ya mlango. Kama stika haipo, anza na psi 33 pande zote.